Herufi za Bwire

Bi Shamsa alizikwa kabla sijafika. Binti yake, Zainabu, alinipigia simu asubuhi nikiwa Bunda, na ingawa nilipanda basi la kwanza lililotokea, nilipoingia Mabatini, Mwanza, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, viatu vyao vina udongo mwekundu, wananawa mikono kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni. Nilivua kandambili nikaingia kuketi na wanawake. Chumba kilikuwa kilekile nilichokijua, ila sasa kimepakwa rangi ya maziwa, na kwenye kona ilipokuwa meza ya kazi kuna televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Nilivuta pumzi nikitafuta harufu ya vanishi, nikapata ya udi. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu aliniuliza kwa upole, "Marehemu ni nani kwako?" Nikamjibu, "Niliwahi kufanya kazi kwake." Aliitikia kwa kichwa, akaona limekwisha. Lilikuwa jibu la kweli, lakini lilinisumbua siku zote tatu za msiba, na niliporudi nyumbani nikaona afadhali niandike kilichobaki.

Niliingia katika nyumba ile mwaka niliomaliza kidato cha nne, majuma machache baada ya mama yangu kufariki. Aliyenichukua ni dada yake, Mama Mkubwa Perusi, ambaye alikuwa amepanga vyumba viwili vya uani kwa Fundi Kassim, mume wa Bi Shamsa. Mbele ya nyumba kulikuwa na baraza ambapo Fundi alitengeneza baiskeli na kuzipaka rangi. Katikati kulikuwa na ua wenye kisima kilichokauka, kamba za nguo, na majiko mawili ya mkaa yaliyotazamana. Jiko moja lilikuwa la kwetu, watu wa Majita: ugali wa muhogo mweusi kidogo, unaovutika, na dagaa au visamaki vya ziwani viitwavyo furu, kwa mchuzi mwepesi. Jiko la pili lilikuwa la Bi Shamsa, na kutoka huko zilikuja chapati zilizokunjwa, maharage ya nazi aliyoiagiza kwa shida, na wakati wa Ramadhani uji wa pilipili manga ambao alituletea hata sisi tusiofunga. Sahani zilivuka ua kwenda na kurudi, na hakuna sahani iliyorudi tupu. Nimeishi katika nyumba nyingi tangu wakati ule, nyingine zangu mwenyewe, lakini nikiambiwa nifumbe macho nifikirie chakula, ninaona ule ua.

Ila katika vile vyumba viwili vyetu jina la mama halikutajwa. Nililitambua hilo siku ya kwanza, nikiwa nimelala nyuma ya pazia, Mama Mkubwa akidhani nimesinzia. Jirani alikuja kutoa pole. Mama Mkubwa alimzuia mlangoni kwa sauti ya chini: "Karibu, ila usimtajie mama yake. Ukimtajia atalia, na akianza kulia mimi nitamnyamazishaje?" Jirani akasema, "Sawa, dada, nimeelewa," akaingia, akanisalimu, tukazungumzia bei ya mchele. Waliokuja baada yake nao waliambiwa vivyo hivyo. Nguo za mama zilizokuja kwenye begi langu zilitoweka begini, na sikuuliza zimewekwa wapi. Leo nimekwisha kuzika wazazi wa watu wengi, nimefundisha watoto waliofiwa, na ninajua Mama Mkubwa alitaka kunilinda. Wakati ule nilijua tu kwamba kuna mlango umefungwa, na kwamba mimi niko ndani yake pamoja na mama, na watu wote wako nje wanazungumzia mchele.

Bi Shamsa hakuambiwa lolote, au kama aliambiwa hakulitia maanani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye vidole vyembamba, jambo lililowashangaza wote waliomwona akifanya kazi. Fundi Kassim alipomaliza kupaka fremu, kazi iliyobaki ilikuwa ya mkewe: nembo. Nembo za viwandani zilikuwa adimu miaka ile, kama vitu vingine vyote, kwa hiyo Bi Shamsa alichukua mabaki ya plastiki ya kunata kutoka kwa mwandika mabango wa Nyamagana, akakata kwa wembe nyota, samaki, maua, mishale, na zaidi ya yote majina. Vijana wa Kisukuma kutoka Kisesa na Bujora waliacha baiskeli zao hapo wakazifuata kama watu wanaofuata bibi harusi. Siku moja aliniona nimekaa kwenye ngazi ya uani, mikono mapajani, akaniita, "Nyangeta, njoo unishikie ncha." Sikumshikia ncha tu. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nakata herufi mwenyewe, naye ananikagua.

Kubandika ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kazi ilikuwa kuilinda nembo baada ya kubandikwa. Rangi mpya, alisema, ni kama ngozi ya mtoto wa siku mbili: inaonekana imekauka kumbe chini bado ni laini, na ukiiharakisha itakuadhibu. Ukibandika mapema, hewa inabaki chini na nembo inavimba. Ukiiacha bila kuifunika, jasho la mapaja, jua na vumbi vitaila kabla mwaka haujaisha. Dawa yake ilikuwa vanishi, lakini vanishi yenyewe ilikuwa adui. Ikija nzito inaitafuna plastiki, kingo zinajikunja kama jani lililotupwa motoni. Kwa hiyo ilipaswa ije kidogo kidogo kama ukungu, kutoka mbali, ikauke, ije tena, hadi upitishe ukucha juu ya herufi na usihisi inapoanzia. Fundi Kassim alipuliza kwa bomba la dawa ya mbu alilolirekebisha midomo, na Bi Shamsa alisimama nyuma yake akimwambia, "Rudi nyuma, Baba Zainabu. Rudi. Bado." Naye alirudi, akinung'unika.

Mteja mmoja, Mzee Magesa, alikuja wakati wa kiangazi, upepo wa ziwani ukiwa umejaa vumbi. Alikuwa mrefu, amevaa koti zito la suti juu ya kaptura, na aliikokota baiskeli badala ya kuipanda ingawa magurudumu yalikuwa mazima. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba," bila kunitazama. Fremu ilikuwa ya kijani, kutu imeilipua kila mahali, na kwenye bomba la juu, katikati ya nyota mbili, kulikuwa na herufi tano za njano: BWIRE. Niliitambua mara moja namna ya ule mkato. Mguu wa R ulikuwa umetupwa nje kidogo, kama wa mtu anayetaka kuondoka. Ulikuwa mkono wa Bi Shamsa.

"Naomba langi nyeusi," alimwambia Fundi Kassim, kwa ulimi wa kwetu unaochanganya r na l. "Nyeusi tupu. Hayo maandishi yatoke yote."

"Hata jina, mzee?"

"Hasa jina."

Fundi aliinama akapitisha kidole kwenye bomba. "Hii imelala nje," alisema.

"Ilikaa ufukweni." Mzee aliitazama barabara. "Nitaifuata ikiwa tayari." Akaondoka kwa miguu kuelekea stendi, na hatukujua kuwa ametoka Busisi, ng'ambo ya ziwa, hadi mkewe alipotuambia.

Mkewe alifika kesho yake karibu na adhuhuri. Alisimama kwenye baraza akiitazama ile baiskeli iliyokuwa imeegemezwa ukutani, bado ya kijani, akaigusa usukani kwa mkono wazi, kama mtu anayepima homa. Bi Shamsa alimkaribisha ndani ya chumba kilekile nilichokaa msibani. Alikaa sakafuni, akakataa kiti, akakataa maji. Mimi nilikuwa mezani nakata ua la plastiki. Hakuna aliyeniambia nitoke.

"Mimi ni Mama Bwire," alisema. "Nimesikia baba yake ameileta kwenu."

"Ameileta jana," Bi Shamsa alisema. "Bwire mwenyewe namkumbuka. Kijana wa kucheka. Alitaka nyota huku na huku, nikamwambia zitabanana, akasema bora zibanane."

Yule mama aliufunika mdomo wake kwa kanga. Nje Fundi Kassim alikuwa akisugua kitu kwa msasa. Halafu yule mama akasimulia, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Bwire alikwenda kuvua na wenzake wawili, upepo ukawakuta. Wenzake ziwa liliwatema baada ya siku chache, wakazikwa. Bwire hakuonekana. Baiskeli aliyoiegemeza kwenye jiwe alipoingia mtumbwini ilikaa palepale ufukweni, kwa sababu mama alikataa isiondolewe. Alisema akitoka majini ataitafuta. Mvua ikainyeshea, jua likaiwakia. Mwisho baba alichoka, akaenda akaikokota hadi nyumbani, akagawa nguo za kijana, na akawaambia majirani kwamba jina lile limekwisha pale nyumbani.

"Sasa ananiita Mama Nyamisi, kwa mtoto wetu wa pili," alisema. "Na majirani nao wameanza. Nyamisi ni mtoto wangu, nampenda, lakini nikiitwa hivyo siitiki. Nani aliniita mama kwa mara ya kwanza? Ni Bwire. Kaburi sina, shati lake sina. Jina limebaki kwenye kile chuma tu. Msilifute, dada yangu."

Nilikuwa nimeacha kukata. Ule wembe ulikuwa umesimama katikati ya lile ua la plastiki, nikauweka chini nisije nikajikata. Mama yangu kule Majita aliitwa Mama Nyangeta tangu nilipozaliwa. Tangu alipofariki sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwa mtu yeyote. Niliinuka nikaenda uani, nikajimwagia maji usoni kwenye bomba la maji, na niliporudi Mama Bwire alikuwa anakunywa chai.

Fundi Kassim alipoambiwa alikataa. Alikuwa mtu wa haki, asiyependa kuvuka mpaka wa mwenzake, na nilisikia mabishano yao yote kutoka kwenye ngazi.

"Kazi ni ya aliyeileta," alisema. "Amesema nyeusi tupu. Leo nikibandika jina la mtoto wa mtu bila ruhusa yake, kesho nani ataniamini?"

"Aliyeileta ni baba," Bi Shamsa alijibu. "Na aliyezaa je?"

"Wakakubaliane kwao."

"Wangekubaliana asingepanda gari kutoka Busisi kuja kulia mbele ya mtu asiyemjua."

Nikamsikia Fundi anasonya, kisha anacheka bila furaha. "Mimi nitapaka nyeusi kama alivyosema mwenye mali. Mtakachofanya ninyi juu ya hiyo nyeusi, mimi sikukiona."

Herufi za zamani hazikuweza kuokolewa. Kutu ilikuwa imepanda chini yake, na tulipogusa nyota moja ilibaki mkononi kama gamba la samaki. Kabla Fundi hajapiga msasa, Bi Shamsa alilaza karatasi nyembamba juu ya jina, akaniambia nisugue kwa mkaa, taratibu, nisibonyeze. Umbo la herufi likapanda kwenye karatasi, pamoja na mikwaruzo yake yote. Kwa karatasi ile tulikata jina upya, njano kama lilivyokuwa, na mguu wa R ukiwa umetupwa nje. Bi Shamsa alikata B na W. Zilizobaki aliniachia mimi.

Jina lilikaa vizuri juu ya rangi nyeusi. Lakini siku ya vanishi tulishindwa. Vumbi lilikuwa jingi, Fundi alikuwa na haraka ya kufunga baraza kabla ya swala ya alasiri, na vanishi yenyewe ilikuwa kali, ya kopo jipya tusilolijua. Tulitazama W ikiinua mguu mmoja, kisha wa pili. E ikajikunja. Fundi Kassim alisema, "Basi, Mungu amekataa." Bi Shamsa alichukua kitambaa, akafuta kila kitu kabla hakijakauka, akaiangalia fremu iliyoharibika na kusema, "Nyangeta, lete ile karatasi. Tunaanza tena."

Safari hiyo alikuwa na subira iliyonitisha. Fundi alipaka nyeusi upya, na Bi Shamsa aliiingiza fremu chumbani, akaitundika darini kwa kamba, kisha akashusha chandarua cha kitanda chake mwenyewe na kuifunika nacho, vumbi lisiiguse. Kwa hiyo yeye na mumewe walilala bila chandarua, katika mji wa mbu kama Mwanza, na asubuhi Fundi alitoka barazani akijikuna shingo, akaniambia, "Huyo Bwire ananila damu." Lakini hakuomba chandarua chake. Rangi ilipokuwa tayari kweli, tulibandika tena, na Fundi alipuliza humo humo chumbani, milango imefungwa, vitambaa vimewekwa chini ya mlango. Alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta, bila kuambiwa. Ukungu wa kwanza haukuonekana kabisa. Wa pili ulileta mng'ao kidogo. Siku iliyofuata ukaja mwingine, na mwingine. Mwisho Bi Shamsa aliushika mkono wangu, akaupitisha ukucha wangu juu ya jina kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikuhisi chochote isipokuwa ulaini. "Sasa," alisema, "anayetaka kulitoa atafanya kazi."

Mzee Magesa alirudi asubuhi, kabla barabara haijachangamka. Fundi Kassim aliitoa baiskeli mwenyewe, akaisimamisha kwenye jua. Nyeusi ilimeta hadi miti ya barabarani ikaonekana ndani yake. Mzee alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika, kisha macho yake yakafika kwenye bomba la juu. Alisimama. Nilimwona akiyakunja na kuyakunjua yale mabega makubwa ndani ya koti.

"Nilisema nini?"

Hakupaza sauti. Bi Shamsa alitoka mlangoni. "Mama Bwire alikuja," alisema.

"Hakuna Mama Bwire."

"Mzee, makosa ni ya kwangu," Fundi Kassim alisema, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. "Nyumba ni yangu, vanishi nimepuliza mimi."

"Basi toa."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alinitazama mimi. Sidhani kama alimaanisha chochote, alitafuta tu mahali pa kuweka macho. Nilikuwa na wembe mkononi, maana asubuhi ile tayari nilikuwa kazini. Nilimsogelea mzee, nikapiga magoti kidogo kama tunavyofundishwa, nikasema, "Baba, nitalitoa. Nimelibandika mimi, nitalitoa mimi. Ila naomba unionyeshe wewe herufi ya kuanzia."

Mzee aliutazama ule wembe, kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Aliweka kidole gumba juu ya B. Kilikuwa kidole kikubwa, kimepasuka, na kiliifunika herufi nzima. Kikakaa hapo. Mwanamke aliyeuza vitumbua ng'ambo ya barabara alikuwa akiimba pole pole, akakatiza wimbo. Kisha mzee alikiondoa kidole, akavua koti lake, akalitupa juu ya bomba jina lisionekane, akaikokota baiskeli akaondoka nayo, nasi hatukuambiwa kwaheri.

Kwa miezi kadhaa niliamini amelikwangua. Nilimwona akilini, ufukweni, na jiwe au kisu, akikwaruza kazi yetu yote. Bi Shamsa alisema tu, "Tulichoweza tumefanya," akanipa majina mengine ya kukata. Nilikata majina ya watu walio hai, mengi, na kila nilipomaliza moja nililisoma kwa sauti, hadi Fundi akaanza kunitania. Jina la mama nililikata pia, mara moja, peke yangu, kwa kipande chekundu kisichofaa kitu. Sikuwa na mahali pa kulibandika. Nililitia mdomoni nikalitafuna, sijui kwa nini, kisha nikalitema shimoni.

Mvua zilipokuwa zimekwisha, Mama Mkubwa alinituma Sengerema kuchukua makopa ya muhogo kwa ndugu yetu. Wakati ule daraja halikuwepo. Sasa magari yanapita juu ya maji kama yamesahau kwamba hapo palikuwa na kazi, lakini tulikuwa tunashuka Kigongo na kusubiri kivuko, watu, ng'ombe na magari pamoja, na huko ndiko habari nyingi za mkoa zilikozungumzwa. Nilipokuwa narudi na mzigo wangu, kivuko kikiwa kimeondoka upande wa Busisi, nilimwona Mzee Magesa. Alikuwa ameshika usukani wa baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa, moja nyuma, moja limelazwa juu ya bomba, yamefungwa kwa kamba za katani. Na bomba la juu lilikuwa limeviringishwa kitambaa cha kitenge, tabaka juu ya tabaka, kimekazwa kwa uzi. Nikawaza, amelificha, hakuweza kulitoa, akalifunga kama kidonda.

Aliniona kabla sijageuka. "Wewe ndiye binti wa wembe," alisema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nishikie hapa." Nikashika usukani. Akalisukuma gunia pembeni, akaanza kuufungua ule uzi kwa meno na kidole, akaviringua kitenge polepole, tabaka moja baada ya jingine. Herufi zilitoka chini yake njano kama siku tuliyozimaliza. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Hizi kamba zinakula," alisema. "Na mkaa una vumbi la kukwaruza. Nikiona safari ya mzigo, nalifunga. Nikiwa mwenyewe, naliacha wazi." Akapangusa kitu kisichokuwepo juu ya I. "Kitambaa amekitoa Mama Bwire. Amekata kwenye kitenge chake kizuri, nikamkatalia, akakata."

Alilitamka jina hilo, Mama Bwire, bila kusita, kama mtu anayelitamka kila siku. Tulitazama maji. Baada ya muda alisema, si kwangu hasa, "Nilidhani nikiacha kulisoma nitapata usingizi. Usingizi haukuja. Sasa nalisoma, na usingizi bado haupo, lakini mwanangu nimemzoea." Kisha akauliza, kama wazee wa kwetu wanavyouliza kujua mtu ni wa wapi, "Na wewe mama yako ni nani?"

"Amefariki, baba. Ni kama mwaka sasa."

"Pole. Aliitwa nani?"

Katika mwaka ule wote hapakuwa na mtu aliyeniuliza swali hilo. Kivuko kilikuwa kinanguruma, ng'ombe mmoja analia, na ilinibidi nipaze sauti ili asikie. "Roda," nilisema. "Aliitwa Roda."

"Roda," Mzee Magesa alirudia, vizuri, akilitafuta lilivyo, kama alitaka kulikumbuka. Akalifunga jina la mwanawe tena kwa kitenge, akalaza gunia juu yake, tukafika Kigongo, tukaagana. Sikumwona tena. Wala Mama Bwire. Nimefundisha miaka mingi, na wanafunzi wangu waliofiwa niliwauliza swali lilelile kabla ya kuwapa pole, na si wote waliojibu, lakini hakuna aliyechukia kuulizwa.

Nilifika Mabatini jua likiwa bado juu. Mama Mkubwa alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anapaa magamba ya sato kwenye beseni. Niliutua mzigo. Sikumsalimu hata, niliogopa nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

"Mama Mkubwa, leo kuna mzee kaniuliza mama yangu anaitwa nani. Nimemwambia Roda."

Kisu kilisimama. Mikono yake ilibaki ndani ya maji mekundu, na kwa muda nilidhani atanikaripia, au atainuka aingie ndani. Nilikuwa nalia tayari; ndicho alichokuwa amekiogopa mwaka mzima, na kilikuwa kimefika, na paa la nyumba lilikuwa halijaanguka.

"Roda," alisema. Sauti ilitoka imekauka, akakohoa, akarudia. "Roda alikuwa mwongo."

Nikachuchumaa kando ya beseni.

"Mwongo mkubwa, mwanangu, hukumjua. Tulipokuwa wadogo alikunywa maziwa ya baba yote, akampaka mbuzi mtindi mdomoni, akamleta mwenyewe mbele ya baba: mwizi huyu hapa. Na mbuzi anajilamba!" Alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akawa anafuta macho kwa mkono uliojaa magamba, magamba yakabaki yanameta mashavuni. "Mdogo wangu yule. Alinipokonya hata kufa. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyepaswa kutangulia."

Bi Shamsa alitoka mlangoni kwake kuona kuna nini, mikono ina unga. Alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Mama Mkubwa alimpungia kwa kisu. "Shamsa, njoo. Namsimulia mtoto habari za mama yake."

Bi Shamsa hakurudi ndani kunawa. Alivuta kopo tupu la rangi, akaligeuza, akakaa juu yake kati yetu. Samaki walilala kwenye beseni hadi nzi wakaanza kuwatafuta, majiko yote mawili yakazimika, na hakuna aliyeinuka. Mama Mkubwa alikuwa amefika kwenye siku Roda alipotoroka kwaya ya kanisa, akavuta pumzi, na Bi Shamsa, ambaye hakuwahi kumwona mama yangu hata mara moja, akamgusa goti na kumuuliza, "Halafu? Roda akasema nini?"